Kuloki kompyuta: Win+L, Ctrl+Alt+Del au ufunge tu kifuniko? Chagua inayokufaa

Haya, wenye ofisi za utalii hapa Arusha pale Mnara wa Saa, wenye steshenari Ngarenaro, wahasibu wa Njiro mnaokaa na hesabu za watu, hii ni yenu. Kompyuta inalokiwa kwa njia nyingi na kila fundi anakwambia ya kwake, huyu anasema Win+L, yule anasema Ctrl+Alt+Del, mwingine anakuambia we funga kifuniko tu itajiloki yenyewe, mwisho unabaki hujui ushike ipi na unaishia kutoloki kabisa.

Kwa mwenye haraka: uko kwenye Windows na kibodi yako nzima? Shika kitufe cha Windows, gonga L, ondoka. Ndo hivyo tu, unaweza kuacha kusoma hapa. Ila kuna wenye kitufe cha Windows kilichokufa, kuna wa Mac, kuna wanaohudumia wateja wamesimama, na kuna wale wanaoanza kuloki Jumatatu kwa moto kweli, ikifika Alhamisi wameacha kwa sababu kila wakirudi ni kuandika paswedi ndefu kama namba ya NIDA. Hao wote jibu lao si moja.

Mi njia yoyote ya kuloki naipima kwa vitu viwili. Cha kwanza, inalinda dakika ile ya kwanza baada ya wewe kunyanyuka au inaanza kulinda baadaye? Cha pili, ukirudi inakusumbua kiasi gani kufungua? Watu wanaangalia tu kuloki kunavyofanyika, hawaangalii kufungua, wakati kero yote iko kwenye kufungua.

Kuhusu hiyo dakika ya kwanza ngoja nieleze, maana ndo penye kazi. Chukua steshenari ya kawaida ya hapa mjini, kaunta moja, kompyuta imegeuzwa upande kidogo ili mteja aone fomu yake ikijazwa, printa nyuma, mashine ya fotokopi kwenye kona. Dada anamjazia mtu fomu ya mkopo wa chuo, jina, namba ya mtihani, jina la mzazi, vyote viko wazi kwenye skrini, anaingia mteja mwingine anasema dada naomba nitolee kopi mbili nyuma na mbele nawahi gari, dada anageuka. Karatasi zimekwama, anafungua mashine, anavuta, anarudisha. Muda huo wote kuna watu wanne wameegemea kaunta na mausi iko umbali wa kiganja. Anayetaka kuchungulia au kuchomeka flashi yake "akopi tu kitu kimoja" hasubiri zipite dakika tano ndo aanze, anafanya pale pale dada alipompa mgongo. Kwa hiyo loki inayokuja yenyewe baada ya dakika tano hapo haijasaidia kitu.

Sasa tuanze na wawili wakubwa.

Win+L ni ya Windows tangu enzi za XP ya 2001 na mpaka leo Windows 11 iko vile vile. Haikuulizi una uhakika, haileti menyu, ukigonga tu skrini imeshafungwa. Programu zako zote zinabaki zinaendelea, faili linaloshuka linaendelea kushuka, printa inaendelea kutoa karatasi, hata muziki hauzimi. Ukirudi unakuta kila kitu pale ulipokiacha, kimshale cha Word kipo kwenye neno lile lile. Kwa mtu wa kunyanyuka kila mara hii haina mpinzani.

Ctrl+Alt+Del ina hatua mbili. Unabonyeza vitatu kwa pamoja, inakuja skrini yenye Lock, Switch user, Sign out na wenzake, halafu unagonga Enta maana Lock ndo iko juu. Historia yake inachekesha kidogo, ilitengenezwa na David Bradley, injinia wa IBM, wakati wanaunda ile IBM PC ya 1981, na kazi yake ilikuwa kuwasha upya mashine iliyoganda, ndo maana wakachagua vitufe vilivyo mbalimbali ili mtu asivigonge kwa bahati mbaya. Yaani ugumu wake ulitengenezwa makusudi! Baadaye Microsoft wakaiweka kwenye Windows NT, 1993, kama mlango wa kuingilia, kwa sababu vitufe hivyo vinakwenda moja kwa moja kwa Windows yenyewe na programu ya kawaida haiwezi kuvidaka, kwa hiyo mjanja hawezi kukuwekea skrini feki ya paswedi ukivibonyeza. Hiyo ni sifa nzuri kwa benki na ofisi kubwa. Kwa dada wa steshenari ni mzigo, inataka mikono miwili na yeye mkono mmoja umeshika kitambulisho cha mteja.

Na hapo kwenye mikono ndo tofauti inayoonekana kabisa. Jaribu sasa hivi kwenye kibodi yako, dole gumba la mkono wa kulia kwenye kitufe cha Windows cha kushoto, kidole kirefu cha mkono huo huo kwenye L, kiganja cha mtu mzima kinafika kwa kujinyoosha kidogo. Kibodi kubwa za mezani nyingi zina kitufe cha Windows na upande wa kulia pia, hapo ni rahisi zaidi, mkono mmoja wa kulia unamaliza na kikombe cha chai kipo kwa mwingine. Ctrl+Alt+Del kwa mkono mmoja inawezekana ukitumia vile vya kulia lakini kwenye laptopu ndogo ambayo Del imefichwa juu kwenye kona unajipinda mpaka inakera.

Kwa hiyo kati ya hizo mbili mi nasema Win+L, ila Ctrl+Alt+Del uijue kama akiba, hasa siku programu imechukua skrini nzima na inagoma kuachia.

Ah, kuna kesi ya kitufe cha Windows kugoma. Kabla hujasema kibodi imekufa angalia kama siyo zile kibodi za gemu zenye mataa ya rangi, nyingi zina namna ya kuzima kitufe cha Windows ili mchezaji asijitoe kwenye gemu, mara nyingi ni Fn na kitufe chenyewe cha Windows, ukirudia inafunguka. Vijana wanazinunua kwa sababu zinang'aa, zinaishia mezani kwa mhasibu, mhasibu anabonyeza Win+L haijibu anasema kompyuta ina virusi. Haina virusi mama, bonyeza Fn.

Kama kimekufa kweli, tengeneza shotikati. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi kwenye desktop, New, kisha Shortcut, na pale pa anwani andika hivi hivi bila kubadilisha herufi:

rundll32.exe user32.dll,LockWorkStation

Ipe jina lolote, LOKI inatosha, halafu iburute ikae kwenye ule mstari wa chini. Ukiigonga inaloki sawasawa na Win+L. Kwa mtu anayeshinda na mausi mkononi, mfano wa picha na dizaini za kadi za harusi, hii inaweza kumfaa kuliko vitufe. Na ukiingia Properties za hiyo shotikati iliyobaki kwenye desktop kuna sehemu ya Shortcut key, unaipa Ctrl+Alt+K au herufi nyingine, umeshajitengenezea vitufe vyako mwenyewe. Saa nyingine inachelewa kidogo kuitika, ni kawaida yake.

Wa Mac. Ofisi za watalii za hapa Arusha hazikosi Mac moja, mara nyingi ya bosi au ya yule anayehariri video za safari. Yenu ni Control+Command+Q, ipo tangu macOS High Sierra ya 2017. Ukiitazama kimkono ndo rahisi kuliko zote nilizotaja, vitufe vyote vitatu viko kushoto. Kasoro yake ni jirani. Command+Q bila Control inafunga programu uliyomo, na Shift+Command+Q inaanzisha kukutoa kabisa kwenye akaunti, kwa hiyo kidole kikiteleza kidogo, badala ya kuloki umefunga brauza yenye bukingi za watu. Kwa hiyo mwenye Mac ya Touch ID mi namshauri aachane na vitufe vitatu, gonga hicho kitufe cha alama ya kidole mara moja kwa haraka na skrini inaloki, ukirudi weka kidole inafunguka. Kwenye kipimo changu cha pili, cha kurudi, hii inawapita wote.

Linux fupi tu kwa sababu mnaoitumia mnajijua. Ubuntu ya sasa ni Super+L, yaani kitufe kile kile cha Windows na L, Linux Mint ya Cinnamon ni Ctrl+Alt+L. Chromebook ni kitufe cha kutafutia, kile chenye alama ya lenzi au duara, pamoja na L. Ukiangalia utaona L imejirudia karibu kila mahali, kwa hiyo aliyezoea Windows hapotei sana akikalia mashine ya mwenzake, isipokuwa kwenye Mac.

Haya, kufunga kifuniko. Hii ina mashabiki wengi sana na mi siwalaumu, ni kitendo cha mkono mmoja na huhitaji kukumbuka kitu. Lakini kwanza kompyuta ya mezani haina kifuniko, hapo nusu ya wasomaji wangu nimeshawapoteza. Pili kwenye laptopu nyingi kifuniko kikifungwa mashine inalala, na ikilala wifi inakata, sasa kama ulikuwa unamtumia mteja picha zake za Serengeti, faili kubwa, intaneti yenyewe ya kubembeleza, ukirudi unaanza mwanzo. Tatu, na hii ndo wengi hawaijui, kulala siyo lazima iwe kuloki. Ingia Settings, Accounts, Sign-in options, kuna sehemu inauliza ukiwa umeondoka Windows ikudai paswedi lini, kama imewekwa Never basi anayeinua kifuniko anaingia moja kwa moja kama kwake. Wengi wanaiweka Never wenyewe ili wasisumbuliwe halafu wanafunga kifuniko kwa kujiamini kabisa.

Kifuniko kinafaa ukiwa unaondoka kweli, unaweka laptopu kwenye begi unapanda Coaster kwenda Moshi. Kwa safari ya chooni tumia vitufe.

Zile za kujiloki zenyewe ziko mbili zinazostahili kutajwa. Screen saver ya zamani, ile michoro inayojitokeza kwenye skrini ukikaa bila kugusa kitu, bado ipo, unaiwekea dakika, chini kabisa ni moja, na lazima uweke tiki pale penye On resume, display logon screen, bila hiyo tiki itachora mapovu tu na mtu akitikisa mausi anaingia. Ukiweka dakika moja itakulokia hata ukiwa umekaa unasoma mkataba bila kugusa kitu, utaichukia. Ukiweka kumi inalinda meza yako wakati kila mtu ameshachungulia. Mi naiweka kama neti ya chini kwa siku ile umesahau, siyo zaidi.

Nyingine ni Dynamic lock, ilikuja na Windows 10 mwaka 2017, unaunganisha simu yako na kompyuta kwa Bluetooth, ukiondoka na simu kompyuta inajiloki. Kwenye maelezo inavutia balaa. Kwenye ofisi zetu sasa! Kwanza baada ya simu kutoka kwenye masafa inachukua kama dakika moja ndo iloki, na ile dakika nimeshaisema. Pili ofisi yenyewe ni chumba kimoja, ukitoka na simu ukaenda kwa mama ntilie mlango wa pili bado Bluetooth inakusoma, umekaa unakula makande na kompyuta inajua uko kwenye kiti. Na tatu, watu wengi simu wameiacha inachaji kwenye kompyuta hiyo hiyo. Hapo haitaloki mpaka Krismasi. Inamfaa mtu mwenye ofisi ya ghorofani anayeshuka chini kabisa na hatoki bila simu, wengine msijisumbue.

Halafu kuna vitu vinavyofanana na kuloki ila siyo. Win+D inashusha madirisha yote inabaki picha ya Kilimanjaro, mtu akiigonga tena yamerudi yote. Kuzima kitufe cha monita, sawa, monita imezima, kompyuta iko macho inasubiri tu. Naona sana watu wanafanya hivi bosi akipita, kwa kazi hiyo inafaa, kwa ulinzi hapana.

Sasa hata uchague njia gani, kama akaunti haina paswedi umecheza. Ukiloki, mtu anagonga Enta, amefika. Mashine nyingi za steshenari ziko hivyo kwa sababu wanaoitumia ni wengi na hakuna anayetaka kukumbuka. Dawa ya kero ni PIN. Unaiweka kwenye Sign-in options hapo hapo, na ile PIN inafanya kazi kwenye mashine hiyo moja tu, hata mtu akiijua haimsaidii kuingia akaunti yako ya Microsoft akiwa kwenye kompyuta ya kwake. Tarakimu nne zinaruhusiwa, mi nasema weka sita, na isiwe mwaka wako wa kuzaliwa maana upo kwenye fomu ulizojaza mbele ya watu. Laptopu ikiwa na kisomeo cha kidole, kitumie. Niliyemwona akidumu na tabia ya kuloki ni yule ambaye kufungua kwake hakuzidi sekunde mbili tatu. Mwenye paswedi ya herufi kumi na sita hana muda mrefu, anaacha.

Na loki yenyewe ina mipaka, msije mkanilaumu. Haisevu kazi yako, TANESCO wakikata na uko na kompyuta ya mezani isiyo na UPS, yaani betri ya akiba, kilichokuwa hakijasevwa kimeenda, kwa hiyo vidole vizoee Ctrl+S kwanza ndo Win+L. Haizuii mtu kuizima kwa kitufe cha pawa. Haishiki flashi iliyochomekwa isichomolewe, na kwenye flashi ya ofisi ya utalii kuna kopi za paspoti za wageni mpaka basi. Tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi, kwa hiyo paspoti ya mgeni kuzagaa siyo aibu ya ofisi tu tena. Na ujumbe wa imeili unaweza kuchungulia hata juu ya skrini iliyofungwa, nenda Settings, System, Notifications uzime ile ya kuonyesha kwenye lock screen.

Kwa hiyo mi ningegawa hivi. Steshenari na kaunta yoyote: Win+L na PIN, bila mjadala. Mhasibu mwenye ofisi yake na mlango: Win+L, na screen saver ya dakika tano nyuma yake. Mwenye Mac: Touch ID, na kama mashine ni ya zamani haina, jifunze Control+Command+Q taratibu ukianzia na Control. Kitufe kimekufa: shotikati mpaka upate kibodi nyingine.

Ambapo Win+L inaleta ugomvi ni pale watu wawili wa shifti wanatumia akaunti moja. Wa asubuhi ameloki, ameenda Usa River, simu haipatikani, wa mchana anakaa anaangalia skrini na mteja mbele yake. Suluhisho lao la kawaida ni kubandika PIN kwenye monita kwa karatasi ya njano, hapo bora wasingeloki. Tengenezeni akaunti mbili kwenye hiyo hiyo mashine, kila mmoja na PIN yake, wa mchana akikuta imelokiwa anachagua jina lake pale kwenye kona ya chini kushoto anaingia kwake bila kufunga kazi za mwenzake. Faili mnazozitumia wote, bei za kopi, barua za mfano, fomu tupu, ziwekeni kwenye folda ya Public ndani ya C, Users, inaonekana na akaunti zote mbili.